Dakika Kumi na Moja za Mawe Matatu

Jumatatu, 2 Februari

Daftari hili si la mambo ya moyoni. Nimepewa na fundi Sirili wa Pasua niandike namba za kontrola, basi. Namba ya zamani kabla ya kuweka mpya, saa ya kuondoka, saa ya kufika, joto. Nimeshaandika. Ukurasa umebaki mtupu. Jesse ananyonya, mkono wangu wa kulia uko huru. Naandika.

Kontrola ni kaboksi ka bati, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Kamefungwa chini ya kiti cha baiskeli ya umeme aliyoiunda Sirili mwenyewe. Betri ina umeme, mota imo ndani ya gurudumu la nyuma, na kaboksi kamekaa katikati kanaamua nani apewe kiasi gani. Kama mama mkwe na sufuria ya mtori.

Sirili akasogeza simu yangu karibu. Bila waya! Kaboksi kakaniambia joto lake: nyuzi thelathini na moja. Nina mtoto wa miezi minane, na hata yeye lazima nimshike paji la uso ndiyo nijue. Nilibaki mdomo wazi mpaka Sirili akauliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Sikuelewa. Nilikuwa nashangaa tu.

Namba alizoniachia: ampea 18. Kuondoka, taratibu. Kupunguza nguvu kwa joto, 80. Kukata betri, volti 40. Kurudisha umeme wakati wa kushuka, sifuri.

Masharti yake: nibadilishe kitu kimoja tu kwa siku. Ampea nizipandishe mbili mbili, nisiruke. Namba ya joto na ya kukata betri nisiziguse kabisa, hizo ndizo roho ya kaboksi. Nikimaliza mpando niweke kiganja juu yake nisali Baba Yetu. Kiganja kikikaa mpaka amina, salama. Kisipokaa, nipunguze. Na kaboksi kakiungua, baiskeli inarudi Pasua siku hiyo hiyo, maana ni ya majaribio na hana kaboksi ka pili.

Sasa sababu. Nashona sare za shule kwenye karakana, Rau. Jesse anabaki huku juu Uru kwa mama mkwe wangu, Mama Mektrida. Natoka kazini saa tano na nusu, napanda kumnyonyesha, narudi. Kilomita nane, zote zinapanda, na ya mwisho ni mpando wa Mawe Matatu, ambao hata maji yanaushuka kwa uangalifu. Leo nimetumia dakika arobaini na moja. Nimemkuta Jesse amelia mpaka sauti imekwisha.

Mama amesema neno. Hakupaza sauti, na akiwa hapazi ndipo pabaya. Amesema mtoto hawezi kusubiri ziwa kama mtu anayesubiri barua. Kengele ya kanisa inalia saa sita kamili. Ananipa mpaka Jumanne ya tarehe 17, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Siku hiyo nisipomfikia mtoto kabla ya kengele, basi: ziwa asubuhi na jioni, mchana maziwa ya ng'ombe. Wifi yangu Eunike ameshanunua kikombe. Kina masikio mawili na picha ya bata.

Naujua mwili wangu. Mchana ukikatika, maziwa yatapungua, na yakipungua hakuna simu ya kuyapandisha.

Jesse ameshika kidole changu kimoja, kama anaogopa nitakipeleka Rau.

Dakika kumi na moja. Hizo tu.

Jumanne, 3 Februari

Ampea zilikuwa 18, nimeweka 20. Kitu kimoja, kama nilivyoagizwa. Nimejiona mtakatifu.

Dakika thelathini na nane! Ampea mbili! Hazionekani, hazina harufu, hazina uzito, na zimenisukuma mimi na mkoba na chakula changu ambacho sijakila. Mawe Matatu ni mawe matatu kweli, wanawake hutua mikungu ya ndizi hapo wapumzike. Jana nilishuka nikasukuma. Leo nimepita nimekaa. Bibi mmoja aliyekuwa ametua mzigo akafanya ishara ya msalaba. Na mimi nikafanya.

Kiganja juu ya kaboksi. Baba Yetu mpaka amina. Vuguvugu tu, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuamka.

Eunike aliuliza hiyo baiskeli ya kuchezea leo imekula nini. Nikamwambia ampea. Akasema amezisikia hizo, ndizo zinazowatoa watu vipele. Kikombe kiko kabatini, mbele kabisa. Bata ananitazama.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepiga hesabu wakati naweka kola. Ampea mbili zimeleta dakika tatu. Zimebaki dakika nane. Ampea sita, kwisha! Kwa nini Sirili anapenda kuzunguka? Nimeweka 26. Na kwa kuwa simu ilikuwa tayari mkononi, nimebadilisha na kuondoka, kutoka taratibu kuwa haraka. Vitu viwili, lakini kwa kidole kimoja. Nahesabu kimoja.

Pale Rau baiskeli ilinyanyua pua kama mbuzi aliyeona majani, ikaondoka. Mimi nilichelewa kidogo kuifuata. Wenzangu wa karakana walitoka wote na sindano zao kutazama.

Lakini baada ya hapo! Kilomita tano nilikuwa malaika. Niliipita bodaboda. Kijana aligeuka mara mbili, akapiga honi kwa heshima. Migomba ilikuwa inanikimbia pande zote mbili.

Mawe Matatu. Simu nimeifunga kwenye usukani kwa lastiki ya sketi. Joto 72. Joto 77. Joto 80. Halafu nguvu ikashuka, polepole, kama mtu anayekaa kitini. Kaboksi kalikuwa kamepunguza kenyewe! Nilikatukana. Nilikabembeleza. Nilishuka nikasukuma.

Dakika arobaini na nne. Mbaya kuliko siku ya kwanza.

Kiganja kilitoka kwenye "jina lako". Nikajaribu Salamu Maria kwa kuwa ni fupi. Haikusaidia.

Nilimpigia Sirili. Akauliza nimeweka ngapi. Nikasema ishirini na kitu. Akauliza kitu gani. Nikasema sita. Nikasikia anazima redio. Kisha akasema nikashukuru hako kaboksi, kamejiokoa kenyewe, la sivyo ningekuwa nimebeba mkaa.

Nimekaa na jambo hilo. Kitu kisicho na mama kinajua kuchoka! Kinasema nimefika themanini, napumzika, na hakimwombi mtu radhi. Mimi naamka saa kumi, nafagia, nakamua, nashona, napanda, nanyonyesha, nashuka, nashona tena, na mtu akiniuliza nasema sijachoka. Nilikagusa tena kalipopoa. Kwa adabu.

Ampea zimerudi 20.

Jumamosi, 7 Februari

Mipango mipya. Mizuri sana.

Ile namba ya kurudisha umeme. Nimeipuuza wiki nzima kwa sababu ilikuwa sifuri na sifuri haina mvuto. Leo wakati wa kushuka nimeiweka kidogo tu. Ukibana breki, mota inageuka, badala ya kula umeme inatengeneza. Yesu na Maria! Nilikuwa nashuka na volti zinapanda. Nilisimama kando ya barabara nikatazama juu. Kibo ilikuwa wazi, theluji yote nje, bila hata kitambaa cha wingu. Nimezaliwa chini ya mlima huu na nilidhani unatupa maji tu. Kumbe unarudisha na umeme! Unaupanda, unakunyang'anya. Unaushuka, unakurudishia kidogo, kama duka lenye mtu mwaminifu.

Hivyo basi: nikirudisha kwa nguvu zote asubuhi nikishuka, mchana nitakuwa na betri kubwa kuliko Sirili alivyonipa. Betri kubwa, ampea nyingi. Nimeweka mwisho wa namba. Jumatatu naanza. Leo nitachaji vizuri, mpaka taa ya chaja iwe kijani kabisa, ili nianze nikiwa na akiba.

Nimemwambia Mama mlima unatoa umeme. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema mlima unatoa kila kitu ila akili.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeloa. Naandika kazini, sketi inakauka dirishani, nimevaa sare ya kidato cha nne.

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu, betri imejaa pomoni. Nikabana breki ya kurudisha. Ilishika vizuri, kwa sekunde chache. Volti zikapanda, zikapanda, kisha simu ikaandika kitu chekundu na breki ikatoweka. Kabisa! Kama mtu uliyemwegemea akaondoka. Nikatafuta breki za mkono, nikazipata, ila Mawe Matatu nayo ilikuwa imenipata. Niliingia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, nimekaa vilevile kama nilivyokuwa nimekaa barabarani.

Ilikuwa zamu ya maji ya Mzee Remigius, jirani yetu. Alikuja na jembe lake. Nikamwamkia shikamoo kutoka ndani ya maji. Akaitikia marahaba, akanisihi nitoke haraka kwa sababu namzibia maji na zamu yake inaisha saa moja. Nilipotoka ndipo akasema pole, mwanangu.

Kaboksi kalikuwa juu, hakakuloa. Nilikatazama kabla ya kujitazama mimi.

Nimempigia Sirili. Hakukasirika, alisikitika, na hiyo ni mbaya zaidi. Akauliza: ukiwa na chupa iliyojaa mpaka shingoni, ukaendelea kumimina, maji yanaenda wapi? Betri imejaa, mlima unamimina, betri ikafunga mlango, kaboksi nako kakaacha kumimina kasije kakapasuka. Ametengeneza baiskeli za watu wa bondeni, watu wa Kahe, hajawahi kuona jambo hili. Wao wanachaji chini, wanaanza kwa kupanda. Ni sisi tu wa juu tunaochaji kileleni na kuanza siku kwa kushuka. Akasema niache kuchaji ikifika tisini, na kurudisha niweke kidogo.

Watu wa mlimani tu! Nimejisikia mkubwa kidogo. Nimegundua kosa lisilowezekana Kahe.

Denis, mume wangu, yuko huko chini kwenye mashamba ya miwa, anakuja mwisho wa mwezi. Alipiga simu kuuliza habari. Nikasema njema.

Mchana: dakika thelathini na tisa, nikiwa na maji kwenye viatu. Jesse alinusa nywele zangu akacheka.

Jumatano, 11 Februari

Tatizo si nguvu. Tatizo ni joto! Nimeliona leo asubuhi, nikimtazama Mama anaweka kibuyu cha maziwa. Anakifunika kwa gome bichi la mgomba, lile la ndani, jeupe, lenye vijumba vya maji kama sega. Mpaka jioni maziwa ni ya baridi. Bibi yake alifanya hivyo, na bibi wa bibi yake. Na kaboksi je? Kaboksi hakana haki?

Nimechukua kisu. Nimekata gome, nimekavisha kaboksi, nimefunga kwa lastiki ya sketi. Kalipendeza. Kama mtoto aliyebebwa. Ampea 24.

Joto: Rau 30. Njia panda 41. Chini ya Mawe Matatu 52. Katikati ya Mawe Matatu, mahali ambapo siku ile kalinikatalia, 63! Nilipanda naimba. Wanawake waliokuwa wametua mikungu walisimama. Mmoja akauliza kwa sauti hiki ni chombo gani kinavaa mgomba.

Dakika thelathini na moja!!

Bado moja. Moja tu! Kiganja, Baba Yetu, amina, na Atukuzwe Baba juu yake kwa furaha. Wafanyakazi viwandani huko duniani wanavunja vichwa kupoza mitambo, na jibu lilikuwa nyuma ya jiko letu, tunawalisha ng'ombe.

Eunike alikishika kikombe, akakiangalia, akakirudisha. Bata aligeuzwa upande wa ukuta.

Alhamisi, 12 Februari

Kaboksi kamenyamaza.

Gome jipya, nene zaidi, mara mbili. Kwa nini niliongeza? Kwa sababu jana lilifanya kazi. Kila mtu hapa anajua utomvu wa mgomba. Mtoto wa chekechea anajua. Ukidondokea nguo, nguo hiyo ni ya shamba milele. Niliyajua hayo nikiwa na miaka mitatu. Leo utomvu umetiririka taratibu hadi kwenye plagi ya waya, na pale njia panda baiskeli imekatika kama sala iliyosahaulika.

Simu inatafuta kaboksi. Inatafuta. Haikaoni.

Nimesukuma kilomita nne. Dakika sabini na mbili. Sketi ya bluu ina madoa meusi.

Jesse alikuwa amelala, uso umevimba kwa kulia. Mama amekaa naye mlangoni, akanipa mtoto. Alinyonya akiwa usingizini. Kikombe cha bata kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa kwa kitambaa safi, mezani.

Baada ya muda Mama akaniuliza kwa upole, hivi, Mama Jesse, unataka kufika au unataka kushinda? Sikuwa najua kama ni vitu viwili.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeomba ruhusa kazini. Nimepita kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, nikachuma jani la sale, zuri, bila doa. Nimelifunga fundo. Nimelipeleka Pasua pamoja na kaboksi ndani ya kanga.

Kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, huwezi kukataa. Hata kama amechoma nyumba. Sirili ni wa Kibosho, anajua. Alilitazama lile jani kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Akasema sale liliwekwa kwa ajili ya watu waliouana na waliogombana mipaka, si kwa ajili ya ampea. Akasema bibi yake angelia. Akalipokea.

Kisha akafungua plagi. Nilishika kanga kwa meno. Ndani mlikuwa na utomvu mweusi kama lami. Alisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, pini moja moja, akapuliza, akaacha juani saa nzima. Tulikaa tunakatazama kama watu walio nje ya chumba cha upasuaji. Akachomeka.

Simu: nyuzi ishirini na tisa.

Kako hai! Nililia. Sirili akajifanya anatafuta bisibisi.

Akaniambia jambo ambalo angeniambia siku ya kwanza kama ningeuliza. Mota yenye mzigo ikijikokota polepole, umeme unageuka joto. Ikizunguka kwa kasi, umeme unageuka mwendo. Kwa hiyo nisisubiri mpando unikute nimekaa kama gunia. Nipige pedali kabla, niingie na mwendo wangu, tusaidiane. Na amehamisha kaboksi kutoka chini ya kiti, amekafunga mbele, mapezi yake, yale mabati membamba ya kutoa joto, yakitazama upepo. Hakuna mgomba. Namba amezirudisha 18, akasema ishirini ndiyo mwisho wangu mpaka Pasaka. Nikaapa.

Jumamosi, 14 Februari

Ampea 20, pedali. Dakika thelathini na tatu. Miguu si yangu. Joto 66! Upepo tu! Upepo umefanya kazi ya mgomba, na hauna utomvu.

Dakika tatu. Jumanne ndiyo hiyo.

Jioni nimepita kanisani kumwona Mzee Kastori, mpiga kengele. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za magoti, nikampa mkungu wa ndizi, nikamuuliza kwa mbali kama kengele haiwezi kuchelewa kidogo Jumanne, dakika tatu hivi, kwa sababu ya uzazi. Akaninyooshea kidole. Ameipiga miaka thelathini na nane. Haijachelewa kwa msiba wa mke wake, haijachelewa kwa askofu, itachelewa kwa baiskeli?

Mkungu aliuchukua.

Jumatatu, 16 Februari

Dakika thelathini na moja na nusu. Mapaja yanatetemeka hata nikikaa. Joto 68.

Dakika moja na nusu. Kutoka kazini mapema? Nimeomba, nimekataliwa, nilishatumia Ijumaa. Kupunguza mzigo? Nimeacha mkoba, mwavuli, viatu vya akiba, chakula. Nimefikiria hata kunyoa nywele.

Niliapa, ndiyo. Niliapa 20. Ila kesho ni siku moja tu.

Nimeweka 26. Ya dharura. Sitaitumia.

Jumanne, 17 Februari

Niliitumia.

Saa tano na nusu kamili nilikuwa barabarani. Pedali, ampea, upepo, vyote. Njia panda dakika kumi na tatu! Chini ya Mawe Matatu dakika ishirini na tatu! Zilibaki saba, na mpando kwa kawaida unanila nane. Niliingia na mwendo. 70. 74. Robo ya mpando. 78. 79. Nikaanza kuongea nako, nikakaahidi kitambaa kipya. 80.

Kakakaa kitini.

Nilisimama juu ya pedali. Baiskeli ilisimama pia. Dakika ishirini na sita. Nikaiona ile namba kwenye simu, namba ya joto, ile ya roho. Themanini. Kidole changu kilikuwa juu yake. Mia moja, nikasema moyoni, mia moja kwa dakika nne tu. Kakiungua kaungue nimeshafika.

Jasho lilinidondoka kwenye kioo cha simu, namba zikavimba. Nilikuwa sijala tangu jana jioni. Nikakitazama kile kitu kidogo kimekaa pale mbele, kinapumua upepo, kimesema mwisho wangu ni hapa, bila aibu. Na mimi nataka kukaunguza kwa sababu mimi sina namba.

Niliondoa kidole.

Niliilaza baiskeli ndani ya kahawa ya Mzee Remigius na nikakimbia. Kwa miguu! Kanga mkononi, njia ya mkato kati ya migomba, naruka mfongo mmoja, wa pili. Kifua kinawaka. Maziwa yalikuwa yameanza kushuka yenyewe, blauzi imeloa. Nilikuwa sijui muda tena. Niliusikia tu ule ukimya wa kabla ya kengele.

Na katikati ya kihamba, kwenye kivuli, anakuja Mama Mektrida. Anashuka. Mama, ambaye magoti yake hayataki kushuka hata jikoni! Jesse mgongoni, kikombe hana.

Nilikaa chini palepale kwenye majani makavu. Jesse alilirukia ziwa kama mtu aliyeona nyumba. Akanyonya mara moja, mara mbili, mara tatu. Kengele ikalia.

Tulisali Malaika wa Bwana, Mama amesimama, mimi nimekaa, Jesse anameza. Nilikuwa sina pumzi ya kuitikia.

Nilipopata sauti nikamuuliza amejuaje. Akasema si yeye. Ni mtoto. Akasema kila siku baiskeli ikifika Mawe Matatu, kabla hawajaisikia yeye wala Eunike, mtoto anageuza shingo, ananyamaza, anacheka. Wiki mbili sasa. Kale kamlio kembamba ka mota, kama mbu mkubwa, anakasikia tangu chini. Leo aligeuka, akacheka, halafu kamlio kakakatika, na mtoto akaanza kulia, amenyoosha mikono kuelekea bondeni. Mama akambeba.

Nimemtazama Jesse. Miezi minane, hana meno zaidi ya mawili, na anazijua ampea zangu kwa sikio! Mimi nahangaika na simu, kumbe kuna mtu juu ya mlima ananisikiliza kila siku nikija.

Mama akasema yeye alisema kumfikia mtoto kabla ya kengele. Hakusema wapi. Kuanzia kesho watamshusha mtoto mpaka kwenye Mawe Matatu yenyewe, yeye au Eunike. Aika, Mama, asante, nikamwambia. Akasema niinuke, nimekalia siafu.

Jumatano, 18 Februari, Majivu

Kaboksi ni kazima, hakakuungua. Baba Yetu nzima, na amina. Namba zimerudi 18, kwa mkono wangu, bila kuambiwa. Na sasa safari ya kwenda kumnyonyesha ni fupi kuliko muda ninaopewa! Leo Eunike aliniletea Jesse Mawe Matatu, akakaa kwenye jiwe la kati, akaniuliza kama baiskeli hii ni ngumu kujifunza. Aliuliza kwa dharau kidogo, ila aliuliza.

Kikombe cha bata amepewa Jesse. Anakitafuna sikio.

Nimepiga simu kwa Sirili kumwambia yote, pamoja na 26. Akasema kidole nilichokiondoa ndicho kimefanya nibaki na baiskeli. Nimeapa tena, na safari hii kiapo kinatoka moyoni. Sitagusa namba yoyote Kwaresima nzima. Ndiyo mfungo wangu. Kaboksi haka kamenifundisha kitu ambacho sikukipata shuleni. Kila kilichoumbwa kina mwisho wake, na si dhambi kuufuata.

Jumamosi, 21 Februari

Mama amechoka kutembea kwenda kanisani. Hakulalamika, alisema tu, akiwa anapita karibu na baiskeli, kwamba keria ya nyuma inaonekana imara. Kisha akaikalia, kupima. Kisha akaniuliza ile namba yangu inaishia ngapi.

Nikamweleza kwamba nimeapa. Akasema ni vizuri kuapa. Akauliza tena inaishia ngapi.

Mama ana kilo themanini na sita, nimempima kwenye mizani ya kahawa. Mimi sitini na moja. Kanisa liko juu zaidi ya hapa. Kwa 18 hatutoki getini. Kwa 26 kwa mtu mmoja kalifika themanini kwenye robo ya mpando, ila ule ni Mawe Matatu, na mpando wa kanisani una kivuli, na asubuhi ni baridi, na ni Jumapili. Halafu hii si tamaa, ni ibada.

Nimeweka 30. Kuondoka, haraka, ili tusirudi nyuma. Vitu viwili, kidole kimoja.

Gome la mgomba tumelikausha kwanza siku nzima ili lisitoe utomvu. Wazo la Mama.

Sasa hivi yuko kwenye uzio wa kihamba, anachagua. Amechuma masale mawili, amefunga mafundo. Nimemuuliza ya nini mawili. Akasema moja la Sirili kesho mchana. La pili la Jumapili ijayo.